Waliofungua Mlango

Hotuba kwa walimu, wazazi, masista na wanafunzi, Bagamoyo. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale walioshindwa kufika.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na kama kuna ambaye sijamsalimu kwa salamu yake, hujambo ndugu yangu.

Masheikh wetu, mapadre, masista wapendwa, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi mabinti mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: ahsanteni kwa kunialika. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa pwani hii, mwalimu mstaafu, na nimesomeshwa na masista. Mmeniomba nizungumzie kazi ya masista wa Kikatoliki katika jamii yenye watu wa dini mbalimbali. Nitaizungumzia. Ila naomba ruhusa yenu niingie kwa mlango ambao kwenye sherehe zetu hatuupiti.

Nimehudhuria jubilei nyingi za watawa, na kila mara nasikia maneno yale yale. Walikuja, wakafundisha, wakatibu, wakatupenda. Ni kweli tupu. Lakini mimi nakaa pale nikijiuliza: walipokuja, walipokelewa na nani? Nani aliwaonyesha kisima? Nani alimfundisha sista mgeni kumwambia mfiwa "pole"? Nani alimshika mkono binti yake akampeleka kwenye shule yenye msalaba mlangoni, na huku nyuma majirani wananong'ona?

Hao nao walifanya kazi. Hao nao walihatarisha kitu. Nusu moja ya habari hii ni ya masista, na nusu ya pili ni ya wenyeji waliowafungulia. Leo nataka tuzisikie zote mbili.

Tuanze ng'ambo hapo, Unguja.

Desemba 1860 padre Armand Fava alishuka Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion. Hakuja peke yake. Alifuatana na mapadre wenzake na masista wa shirika linaloitwa Mabinti wa Maria. Masista hao ni akina nani? Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849. Utumwa katika kisiwa kile ulikuwa umekomeshwa Desemba 1848, miezi michache tu kabla. Mwanzilishi wao, Aimée Pignolet de Fresnes, alikuwa binti wa walowezi, na nyumba aliyoifungua ikawapokea wanawake waliotoka utumwani waishi pamoja na wanawake wa ukoo kama wake: nadhiri moja, vazi moja, meza moja. Mabinti, hebu fikirini. Mwaka jana mwenzio alikuwa mali ya mtu. Mwaka huu mnakaa naye meza moja na kumwita dada.

Shirika la namna hiyo ndilo lililoletwa Zanzibar, katika mji ambao bado ulikuwa na soko la watumwa. Soko lile lilikuja kufungwa 1873. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 12 masista waliamka asubuhi, wakahudumia wagonjwa, wakafundisha watoto wa kike kushona na kusoma, na mwendo mfupi tu kutoka hapo binadamu walikuwa wanauzwa.

Na mji ule ulikuwa wa nani? Wa Waislamu. Mtawala alikuwa Sayyid Majid bin Said. Angeweza kuwarudisha kwenye meli yao, na hakuna ambaye angemshangaa. Hakuwarudisha. Aliwaacha wafungue hospitali na karakana. Miaka minane baadaye, mwaka 1868, misheni ikavuka maji ikaja huku kwetu Bagamoyo, na ni wawakilishi wa dola ile ile ya Kiislamu walioipatia ardhi.

Sasa hapa naomba tusiruke. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Wazaramo walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, maana aliyegawa na aliyepewa hawakuwauliza. Shauri likasuluhishwa na watu wa Sayyid Majid, na baada ya 1870 watu wa ndugu yake aliyemrithi, Sayyid Barghash. Nawaambia hili kwa makusudi. Tukisema "wenyeji walifungua mlango", tusijidanganye kwamba kila mwenyeji aliufungua kwa furaha. Wengine walifunguliwa mlango wao na mkubwa wao. Na hata hivyo wakabaki majirani, wakauza samaki na mihogo misheni, wakaleta wagonjwa wao, wakaishi.

Na kuna jambo la pili tusiloliruka. Watoto waliokombolewa utumwani wakalelewa misheni walibatizwa. Baba na mama zao hawakuwepo kuulizwa. Walikuwa wameachwa nyuma bara, au wamekufa njiani. Masista waliwalisha, wakawavika, wakawatibu vidonda vya pingu. Kama wasingewachukua wao, wangechukuliwa na nani? Mimi nikiwa Mwislamu siwezi kusimama mbele yenu nikaidharau huruma ile. Lakini siwezi pia kujifanya sioni kwamba mtoto yule hakuwa na nafasi ya kuchagua. Yote mawili ni ya kweli, na watu wazima tunaweza kuyabeba yote mawili.

Mashaka haya yaliwafuata masista kwa muda mrefu. Chukueni habari za Sista Irene Stefani, wa shirika la Konsolata. Mwitaliano, alizaliwa 1891, akafika Kenya mwaka 1915, vita vya kwanza vikiwa vimepamba moto. Mnajua Kariakoo ilipataje jina lake? Kwa wapagazi, Carrier Corps, wanaume waliokusanywa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa, kuliko walivyokufa kwa risasi. Sista Irene aliwauguza katika hospitali za jeshi Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali ni jina tu. Yalikuwa mabanda, watu wamelala chini.

Inasimuliwa kwamba siku moja Kilwa alimkosa mgonjwa mmoja mahali pake. Akaambiwa amekwisha kufa, amepelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine wakisubiri maji yajae yawachukue. Sista akatoka kwenda ufukweni, akaigeuza miili mmoja mmoja, mpaka akamkuta. Alikuwa anapumua. Akamrudisha.

Mgonjwa yule alikuwa ameahidiwa ubatizo, na Sista Irene aliwabatiza wengi waliokuwa wanakata roho. Nimewahi kuulizwa na kijana wa Kiislamu: "Bibi, sasa huyo tumsifu au tumlaumu?" Nikamjibu kwamba alitoa kilicho bora alichokijua, na aligeuza maiti kwa mikono yake kumtafuta mtu ambaye jeshi zima lilikuwa limemtupa. Nani mwingine alikwenda ufukweni siku ile? Sista Irene alifariki 31 Oktoba 1930, kwa ugonjwa wa tauni aliouambukizwa alipokuwa akimuuguza mwalimu. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, yaani hatua moja kabla ya kutangazwa mtakatifu, mjini Nyeri, Mei 2015.

Lakini Kanisa lenyewe nalo halikusimama pale pale. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulitoa tamko linalosema kwamba Kanisa linawaangalia Waislamu kwa heshima, likawaomba Wakristo na Waislamu wayaweke nyuma magomvi ya zamani na kutafuta kuelewana. Mwaka ule ule likatamka kwamba mtu asilazimishwe katika dini. Kwa mzazi wa Kiislamu wa Bagamoyo au wa Tanga hayo yalikuwa maneno ya mbali, ya Roma. Alichotaka kujua ni kimoja: mwanangu mtamfanya nini?

Na hapo tunafika shuleni.

Wazee wenzangu mnakumbuka. Wakati wa uhuru sehemu kubwa ya shule za sekondari nchini zilikuwa za makanisa. Mtoto wa Kiislamu akitaka kusoma, ama apate nafasi katika shule chache za serikali, ama aende misheni. Wengi hawakwenda. Baba alihofia jina la mtoto litabadilishwa, sala itabadilishwa, na mtoto atarudi nyumbani mgeni. Hofu ile haikuwa ujinga. Ilikuwa na mifano.

Mwalimu Nyerere, yeye mwenyewe Mkatoliki wa kwenda misa, alilikata fundo hili kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Shule zikachukuliwa na serikali. Marian College ya Morogoro, iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll, ikawa Kilakala. Shule zikafunguliwa kwa watoto wa dini zote bila ubaguzi. Sasa jiulizeni: sista aliyejenga shule kwa jasho lake, leo anaambiwa shule si yake tena, afanyeje? Afunge mizigo arudi kwao?

Wako walioondoka, na wako waliobaki wakafundisha, shule ikiwa mikononi mwa wengine. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko majengo yote waliyoyajenga. Kutoa ukiwa mwenye nyumba ni rahisi. Kutoa ukiwa huna tena ufunguo, hapo ndipo moyo wa mtu unapoonekana.

Oktoba 1970 Mwalimu alialikwa New York kuzungumza na hao hao masista wa Maryknoll. Wangeweza kumnunia. Walimwalika. Naye akawaambia bila kuwabembeleza kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litakuwa halina maana kwa watu. Aliwachukulia shule, akawaambia kazi yao haijaisha, nao wakamsikiliza. Natamani viongozi wetu wa leo, wa serikali na wa dini, wangeweza kusemezana hivyo.

Mimi niliingia sekondari baada ya sheria ile. Mkuu wa shule alikuwa mwalimu wa serikali, na aliyetufundisha hisabati alikuwa sista. Ramadhani ya kwanza tulikuwa mabinti wachache tunaofunga, na jiko la bweni lilikuwa linawashwa alfajiri, daku imeshapita. Hatukuwa tumelalamika kwa mtu. Usiku wa tatu, saa kumi, tulisikia mlango wa jikoni. Sista na mpishi, mama wa Kiluguru, Mkristo, wameshawasha kuni, uji uko mekoni, na viazi vya jana vimepashwa moto. Sista akatuambia tule upesi, akaenda zake kwenye sala zake.

Hakufunga pamoja nasi, wala hakujifanya anafunga. Na saa sita mchana alitupa mtihani wa aljebra kama wenzetu wote. Hakuna aliyesamehewa.

Baba yangu alikuwa hajatulia. Siku moja akapanda basi akaja bila taarifa. Alimkuta sista uwanjani, na baada ya salamu akamuuliza swali moja tu: "Mwanangu anaswali wapi?" Sista hakumpa hotuba. Alimchukua hadi kwenye darasa la mwisho, akamwonyesha mkeka uliokunjwa kabatini na ndoo ya maji ya kutawadhia, akamwonyesha na ratiba ya Ijumaa. Baba akakitazama kibla, akauliza nani alikielekeza. Sista akamtaja mlinzi wa usiku, mzee wa Kiislamu wa mtaa wa jirani, ambaye ndiye aliyeulizwa.

Baba alirudi nyumbani, na mwaka uliofuata mabinti wengine wawili wa mtaa wetu wakaja shule ile. Baba ndiye aliyekwenda kwa baba zao. Alikaa kibarazani kwao jioni mbili tatu, akanywa kahawa, akajibu maswali yao yote. Sista asingeweza kukaa kwenye kibaraza kile. Hata angejua Kiswahili cha mashairi, pale asingesikilizwa. Aliyesikilizwa alikuwa baba yangu. Mmeona ninachokisema? Sista alitayarisha mkeka, mlinzi akaonyesha kibla, baba akaenda kuongea na wenzake. Ukimtoa mmoja, wale mabinti wawili hawasomi.

Ndugu zangu, nimeacha kwa makusudi habari ninayoipenda na inayoniumiza kuliko zote. Nitaisema taratibu.

Sista Leonella Sgorbati alizaliwa Italia, mkoa wa Piacenza, mwaka 1940. Alikuwa sista wa Konsolata kama Irene. Alisomea uuguzi Uingereza, akafika Kenya mwaka 1970, akafanya kazi Mathari kule Nyeri na hospitali ya Nazareth karibu na Nairobi. Mwaka 1985 akawa mkuu wa chuo cha uuguzi Nkubu, Meru. Mama huyu alikuwa mwalimu wa wauguzi. Kushika sindano alijua, ila raha yake ilikuwa kumwona mwingine akiishika vizuri.

Somalia ilikuwa haina serikali tangu 1991. Hospitali nyingi zilikuwa zimekufa, na waliojua kazi walikuwa wamekimbia au wamezeeka. Mogadishu, katika hospitali ya kijiji cha SOS, shirika linalolea watoto yatima, masista wachache wa Konsolata walikuwa wameng'ang'ania. Leonella alikwenda kuangalia mwaka 2001, na mwaka 2002 akafungua pale chuo cha uuguzi. Kutibu mtu mmoja mmoja katika vita ni kazi njema. Yeye aliuliza swali la mwalimu: tukiondoka, nani atatibu?

Wanafunzi wake walikuwa vijana wa Kisomali, Waislamu, wa kike na wa kiume. Mwalimu wao alikuwa mtawa wa Kikristo katika mji ambao askofu Salvatore Colombo alipigwa risasi mwaka 1989 ndani ya kanisa kuu. Wazazi wao waliyajua hayo. Waliwapeleka. Kila mzazi aliyempeleka mtoto wake pale alikuwa anaweka jina lake hatarini, na pengine zaidi ya jina. Mwaka 2006 wauguzi 34 wa kwanza walihitimu. Kwa kuwa nchi haikuwa na serikali ya kuwapa vyeti, walivipata kupitia Shirika la Afya Duniani.

Mwaka huo huo Leonella alikuja Kenya kuwatafutia baadhi ya wahitimu wake nafasi za kusomea ualimu, ili chuo kiwe na walimu Wasomali. Angalieni tena mwendo wake. Alikuwa anamtafuta mtu wa kumpisha.

Alirudi Mogadishu katikati ya Septemba. Siku hizo hizo maneno ya Papa kule Regensburg, Ujerumani, yalikuwa yamewaudhi Waislamu wengi duniani. Jumapili, 17 Septemba 2006, mchana, Leonella alitoka chuoni akivuka barabara kwenda nyumbani kwao, ng'ambo tu ya pili. Pembeni yake alikuwa mlinzi wake, Mohamed Mahmud. Wakapigwa risasi.

Leonella alifia hospitalini pale pale alipokuwa akifundisha. Neno lake la mwisho, masista wenzake walilisikia, alilisema mara tatu kwa Kiitaliano: nasamehe, nasamehe, nasamehe.

Mei 2018 alitangazwa Mwenyeheri, Piacenza. Wakatoliki mna picha yake, mna siku yake, mna sala ya kumwomba. Mnastahili kuwa navyo. Lakini naomba nitulie kidogo kwa Mohamed Mahmud. Alikuwa Mwislamu, baba wa watoto wanne. Yeye hakuwa na nadhiri. Hakuwa na shirika la kuwalea wanawe. Alikuwa na mshahara wa mlinzi, na alipoona hatari hakusema kwamba huyu si wa dini yangu. Damu yake na damu ya Leonella zilimwagika kwenye barabara moja, saa moja, kwa kazi moja.

Je, watoto wetu wanalijua jina lake? Mohamed Mahmud. Semeni pamoja nami. Mohamed Mahmud. Nanyi wa nyuma, sijasikia. Mohamed Mahmud!

Baada ya hapo masista waliobaki iliwabidi waondoke Mogadishu. Wengine wakasema kazi imekufa. Imekufaje? Wauguzi 34 hawakuwa wageni wa kuondolewa kwa ndege. Ni Wasomali, kwao ni pale pale, mama zao wako pale. Sista aliyemfundisha mwenyeji ameacha kitu ambacho mwenye bunduki hajui kilipo.

Kwa hiyo masista wetu mliopo hapa leo, nina ombi kwenu, nalisema kwa upendo. Mnapoandika historia ya zahanati na shule zenu, msiandike masista tu. Mwandikeni mkunga wa mtaa aliyewaambia wazazi "nendeni, hawana neno". Mwandikeni mpishi, dereva, mlinzi. Mwandikeni sheikh aliyesimama msikitini akasema chanjo ile haina madhara.

Na sisi Waislamu wenzangu, tusiwaachie wao kazi hiyo. Tumezoea kuzihesabu shule za misheni kama zawadi tuliyopewa, au kama mtego tulioukwepa. Hatusemi kwamba nasi tulizijenga. Baba yangu alijenga shule ile, kwa miguu yake, kibaraza kwa kibaraza. Mbona jina lake lisiwemo?

Nimeshazungumza na mwalimu wa historia, naye amekubali. Kuanzia likizo hii, mabinti wa kidato cha tatu watapita kwa wazee wakiwa na daftari, mitaani kwetu na kwenye nyumba za masista wazee. Wanaenda wawili wawili, Mwislamu na Mkristo. Wataandika majina: aliyepangisha chumba, aliyetafsiri, aliyelinda, aliyebeba mgonjwa kwa baiskeli. Wazee, msiwafukuze. Watengenezeeni chai, mkae nao, muwaambie na yale ya uchungu, maana yapo. Mwenye picha ya zamani ailete kwa mwalimu. Itapigwa nakala na kurudishwa siku hiyo hiyo.

Sasa maswali. Wakubwa tutasubiri. Naanza na mabinti wa nyuma, wewe mwenye daftari la bluu.